Kompyuta kwenye televisheni: picha imekuja, lakini kingo zimekatwa na maandishi hayasomeki

Kuchomeka waya ni kazi ya dakika moja. Usumbufu unaanza baadaye, kwa sababu televisheni imetengenezwa kwa ajili ya filamu na mpira, na kila picha inayoingia huichukulia hivyo: huikuza kidogo, huinoa, hupunguza taarifa za rangi. Mpira ukichezwa huoni kasoro. Ukifungua jedwali la hesabu, utaiona papo hapo.

Tuanze na tundu. Kama kompyuta na televisheni zote zina HDMI, waya mmoja unabeba picha na sauti. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki huwa na matundu sehemu mbili nyuma. Chomeka kwenye kadi, si kwenye ubao mama (ubao mkuu wa kompyuta), la sivyo mara nyingi televisheni itakuambia hakuna mawimbi (No Signal). Tundu la USB-C halitoi picha katika kila kompyuta, hata kama waya unaingia vizuri, kwa hiyo soma kwanza maelezo ya kompyuta yako.

VGA, tundu la picha la kompyuta za zamani, ni ya mwaka 1987, ni analogia, na haibebi sauti. Waya mtupu wenye VGA upande mmoja na HDMI upande wa pili hautafanya kazi. Kinachotakiwa ni kigeuzi chenye saketi ndani, ambacho kwa kawaida hupata umeme kupitia USB na huwa na waya wa sauti wa milimita 3.5. Vigeuzi hivi vina mwelekeo mmoja tu: cha HDMI kwenda VGA hakigeuzwi kinyume.

Ukishachomeka, chagua HDMI husika kwa rimoti. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kurudia picha ileile, kupanua eneo la kazi, au kutumia televisheni peke yake. Kurudia ndiko watu wengi wanakokimbilia, na ndiko kubaya zaidi: vioo viwili hulazimishwa kutumia ukubwa mmoja, na mara nyingi kimojawapo huwa na ukungu. Nashauri televisheni peke yake.

Sasa kingo. Upau wa chini ukifichwa, usihangaike na kompyuta kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya televisheni, sehemu ya ukubwa, utafute Just Scan, Screen Fit au 1:1, kutegemea mtengenezaji. Kisha badilisha jina la ingizo hilo la HDMI liwe PC. Inaonekana ni kubadili jina tu, lakini kwenye televisheni nyingi ndiyo amri ya kuacha kuchakata picha na kupokea rangi zote kamili. Herufi nyekundu zilizokuwa zinavuja rangi hutulia. Shusha pia kiwango cha kunoa picha (Sharpness).

Nyeusi ikionekana kijivu, kompyuta inatuma rangi kwa viwango vya 16 (nyeusi) hadi 235 (nyeupe) wakati televisheni inasubiri 0 hadi 255. Vivuli vikimezwa na giza, ni kinyume chake. Weka viwango vilevile pande zote mbili.

Sauti ikibaki kwenye kompyuta, bofya alama ya spika na uchague televisheni kama kifaa cha kutolea sauti. Ikiwa haimo kwenye orodha, angalia tena ulichotumia: VGA na DVI (tundu jingine la picha la zamani) ndio washukiwa wa kwanza.

Kishale kikienda kwa kusitasita kwenye televisheni ya 4K, angalia kasi ya picha. HDMI ya toleo la 1.4 huishia 4K kwa hezi 30, yaani picha 30 kwa sekunde. Hezi 60 zinahitaji toleo la 2.0 kwenye kompyuta, waya na televisheni, na televisheni nyingine hutaka uiwashe mwenyewe kwa kila tundu. Ukiwa na vifaa vya zamani, 1080p (ukubwa wa picha ulio chini ya 4K) kwa hezi 60 inafaa zaidi kwa kazi. Kishale kikichelewa bila kusitasita, washa hali ya michezo ya kompyuta (Game Mode) kwenye televisheni.

Picha ikizimika kwa sekunde moja na kurudi, au ikimetameta vidoti vyeupe, shuku waya. Kwa 4K, waya wa kawaida unaozidi mita 5 hivi ni bahati nasibu. Umbali mkubwa zaidi unataka HDMI ya nyuzi za mwanga, nayo ina upande wa kompyuta na upande wa televisheni, umeandikwa kwenye plagi.