Saiwa: eka mia saba za maji, na nzohe wake

Nzohe akishtuka hakimbii kama swala wengine, anaingia kwa maji. Anazama polepole mpaka unabaki kuona pua tu, na kama hukumwona akiingia basi umeshampoteza, utasimama hapo mpaka miguu iume ukidhani hakuna kitu. Kwato zake ni ndefu halafu zinapanuka, ndio maana anapita juu ya matete yaliyolala na hazami kwa tope. Lakini mtoe kwa maji umweke kwa shamba kavu uone, hata mbwa wa kijiji wanamshika.

Huyo ndiye alifanya Saiwa ikawa mbuga ya taifa mwaka wa 1974. Ni kama kilomita 3 za mraba tu, mbuga ndogo kuliko zote Kenya, na hapa Trans Nzoia kuna watu wana mashamba makubwa kuishinda. Gari unaacha getini unatembea kwa njia za mbao zilizopita juu ya bwawa, na kuna minara unapanda unangoja. Wageni wengine wanalalamika ati hakuna simba hakuna ndovu, sawa basi, waende Mara.

Wakati unangoja nzohe utaona karasinga, yule kima wa ndevu nyeupe na kipaji cha rangi ya machungwa, huyo si wa kuonekana kila mahali Kenya hii. Kuna fisi-maji pia, ndege zaidi ya aina 300, na korongo wenye taji ambao tangu 2012 wako kwa orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kuisha.

Sasa shida ya mbuga ndogo hivi ni kwamba karibu kila kitu kinachoiweka hai kiko nje ya mpaka wake. Maji yanatoka juu, kwa mashamba yetu. Mvua ya Aprili ikianza ndio tumetoka kupanda mahindi, udongo umelegea, mbolea iko juu juu, yote yanashuka kwa mto na mto unakuja rangi ya chai. Matete yanapunguza mbio za maji, udongo unatulia chini, mizizi inakula ile mbolea, na maji yanayotoka upande wa pili kuelekea mto Nzoia yanakuwa afadhali. Nzoia ndio hiyo inafika Budalangi mpaka Ziwa Victoria, kwa hivyo mtu wa huko anafanyiwa kazi na bwawa hajawahi kuliona. Lakini udongo ukizidi bwawa linajaa, kingo zinakauka, vichaka vinaingia, na nzohe anazidi kubanwa katikati. Ongeza mikaratusi ambayo tulipanda kando ya mito kwa sababu inalipa haraka (inalipa, sikatai) na inakunywa maji usiku na mchana.

Halafu nzohe wa Saiwa hawana pa kwenda. Pande zote ni mahindi na maboma ya watu, hawawezi kuvuka wakutane na wenzao, kwa hivyo wanazaana wao kwa wao tu. Kule Nandi kuna nzohe wa Kingwal ambao hata hawako ndani ya mbuga, wanaishi katikati ya watu, na hao pia bwawa lao linakatwa polepole.

Kwa maoni yangu kazi kubwa ya Saiwa inafanyika nje ya geti, na wale wa kikundi cha uhifadhi cha Kipsaina, hapo karibu na mbuga, waliliona hilo kitambo, walianza na korongo wakaingia kwa miti ya kienyeji na kuongea na wakulima wasilime mpaka ukingo wa maji. Huwezi mlazimisha mtu mwenye eka moja aache robo yake hivi hivi, lazima apate kitu, nyuki, samaki, nyasi ya ng'ombe.

Ukitaka kwenda shika barabara ya Kitale–Kapenguria ukatie Kipsaina. Fika asubuhi kabisa au ungoje jioni, saa sita mchana nzohe amelala ndani ya matete na hutamwona hata ulipe mara mbili.