Tabo haikuwa na kosa, injini ilikosa pa kupumulia

Subaru Forester yangu ni ya tabo, kile kifaa kinachoshindilia hewa kwenye injini; injini yenyewe ni EJ20. Kila nikipandisha Mazeras kuelekea Mariakani, nyuma kunatoka moshi wa buluu. Mpira unaopeleka hewa kwenye interkula, kipoza-hewa cha tabo, ulikuwa umelowa oili kwa ndani, na sili ya mbele ya kranki ikaanza kuvuja. Mafundi wawili Changamwe walisema neno moja: tabo imekwisha, tafuta nyingine.

Tabo, hata ya mtumba, si kitu cha kununua kwa kubahatisha. Gesi kidogo ya mwako hupenya kwenye ringi za pistoni ikaingia tumboni mwa injini, kwenye kranki, na lazima ipate njia ya kutoka. Usipokanyaga sana, manifoldi, yaani njia ya hewa kuingia kwenye silinda, inainyonya kupitia PCV, valvu ya kutolea gesi hiyo. Ukikanyaga, tabo inashindilia hewa kwenye manifoldi hiyo hiyo. Hapo PCV yapaswa kujifunga, gesi ipite kwenye mipira ya vifuniko vya valvu na kuingia kabla ya tabo, ambako bado kuna mvuto. PCV ikikwama wazi, presha inateremka tumboni mwa injini na oili inatafuta pa kutokea. Tabo ndiyo inayosingiziwa zaidi, kwa sababu oili yake hurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa kuteremka tu. Chini kukiwa na presha haishuki, inapenya kwenye sili za tabo na kuchomwa.

Nikaenda kwa fundi mzee wa Jomvu. "Mzee, tuitoe PCV kwanza." Akaitoa, akaifuta kwa kitambaa, akaipuliza kwa mdomo upande huu na huu. Pumzi ilipita kote kuwili. Iliyo nzima hupitisha upande mmoja tu. Mpira mmoja wa kifuniko nao ulikuwa umelainika, umejikunja na kujibana penye kona.

Tukaweka valvu mpya na mipira ya kuhimili oili, upana ule ule wa zamani. Ukiweka mwembamba umerudi kule kule. Sili ya mbele ilibadilishwa kwa kuwa ilishakakamaa. Interkula tukaiosha, maana oili iliyolala humo ingeendelea kutoa moshi na kukudanganya kuwa kazi haikufaa.

Mwisho nikachongewa kopo la alumini la kunasa oili, lenye vibamba ndani vya kugonganisha gesi. Nilitaka kutia sufi ya chuma, mzee akakataa: "Mwanangu, ikikatika, vipande vitaliwa na tabo." Kopo langu limefungwa, gesi ikishachujwa inarudi kwenye njia ya hewa. Vijana wengi huiachia nje. Mimi siupendi mtindo huo: unapoteza mvuto, na kwenye foleni ya feri Likoni gari zima linanuka oili.

Safari zangu nyingi ni fupi, na unyevu wa huku mnaujua. Oili haipati moto wa kutosha kukausha maji, kwa hiyo kinachonaswa kina rangi ya chai ya maziwa. Mara ya kwanza nilidhani gasketi ya hedi imeungua na maji yanaingia kwenye oili, lakini maji ya rejeta hayakupungua na oili ya kwenye kijiti ilikuwa safi. Sasa nalimwaga kopo kabla halijafika nusu, na uchafu wake naupeleka kwa mzee, ana pipa la oili chafu.