Siku Mama Mkubwa alipotia uso majini Misali

Mama Mkubwa amechokoa pweza tangu utotoni. Miamba ya upande wetu wa Pemba anaijua kwa nyayo, jiwe kwa jiwe, na akipita mahali penye shimo la pweza husimama kabla sisi wengine hatujaona lolote. Lakini mwamba anaoujua ni ule unaoachwa wazi na maji. Bamvu likifika na bahari ikapwa, hushuka na mchokoo wake na kikapu. Maji yakianza kurudi, naye hurudi. Kule mbele, pale rangi ya bahari inapogeuka ghafla ikawa nzito, hakuwahi kupaona kwa chini hata siku moja.

Wanawake wengi wa Pemba wako hivyo hivyo. Wanaume wanaozamia huona. Wageni hupanda ndege kutoka Ulaya wakaja kuona. Sisi tunaoparua changu na tasi kila jioni ndio hatujui samaki hao wanakolala. Jambo hili limenikaa rohoni kwa muda mrefu, zaidi kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha baiolojia, na kila mwaka huchora tumbawe ubaoni kwa chaki mbele ya watoto waliozaliwa wakisikia mawimbi.

Basi ulipoingia msimu wa matlai, kusi imeshalala na kaskazi bado haijashika, nikamwambia Mama Mkubwa twende Misali. Nilichagua siku za maji mafu. Bahari haipwi sana siku hizo, kwa hiyo hakuna kazi ya pweza anayoikosa, na mkondo pia unakuwa mpole. Aliuliza swali moja tu: "Kuna pa kusalia?" Nikamwambia kisiwa chote.

Misali hakifiki hata kilomita 1 ya mraba. Kiko kama kilomita 10 magharibi ya Pemba, na kwa boti ya mashine kutoka Wesha hufika kabla hujachoka kukaa. Tulipokwenda hapakuwa na hoteli wala duka. Maji ya kunywa mnakwenda nayo. Kuna kituo cha walinzi wa hifadhi, msitu mnene wa mwambani, mapango ambayo watu wa Pemba huyaheshimu tangu zamani, na mibuyu. Ufukwe wa upande wa kituo una mchanga mweupe laini, na siku ile hapakuwa na mguu wa mtu mchangani isipokuwa wetu na wa mlinzi aliyekuja kutupokea na kuandika majina.

Wazee husimulia kwamba Nabii Hadhir alipita hapa, akataka kusali na hakupata msala. Akasema kisiwa hiki, kwa jinsi kilivyoelekea kibla, kitamtosha. Mama Mkubwa alilelewa kwa hadithi hiyo. Aliposhuka botini alisali rakaa mbili pale pale mchangani, mimi nikimsubiri na miwani mkononi.

Niseme kidogo habari ya nguo, kwa sababu kina mama wengi wameniuliza hilo kabla ya kuniuliza kitu kingine. Dera halifai, linajaa maji na kuzonga miguu. Mama Mkubwa alivaa suruali ndefu ya kubana, shati refu la kuogelea la mikono mirefu, na mtandio mwepesi uliofungwa vizuri kisogoni, juu yake mkanda wa miwani. Alisitirika kutoka kichwani hadi kifundoni, na aliogelea bila kikwazo. Tena vazi hilo lina faida nyingine: halihitaji kujipaka mafuta ya jua, na baadhi ya mafuta hayo yana kemikali zinazodhuru matumbawe machanga. Juu ya nguo nilimvalisha jaketi la kuelea. Hilo kwangu halina mjadala kwa mtu anayeanza, hata kama amekaa na bahari miaka yote.

Tulianzia pa kina cha kiuno. Temea mate kwenye kioo cha miwani, sugua kwa kidole, suuza na maji ya chumvi, kisha vaa, ukungu hauji. Uma mrija kwa meno bila kuukaza. Halafu inama, tia uso, pumua kwa mdomo polepole, usiende popote. Kwa mtu mzima ugumu uko hapo hapo, kifua kinakataa. Alishika mkono wangu, akasema bismillah, akainama. Akainuka. Akainama tena, na safari hii alikaa. Nilisikia pumzi yake ndani ya mrija ikienda mbio, kisha ikipungua kidogo kidogo, mpaka ikawa pumzi ya mtu aliyetulia. Nikamwachia mkono, nikabaki kando yake.

Kutoka ufukweni hadi kwenye matumbawe ni mwendo mfupi wa kuelea. Mwanzoni ni mchanga na majani ya bahari, kisha kichwa kimoja kimoja cha tumbawe, kisha ghafla umefika: meza pana, matawi yenye ncha za zambarau, mawe makubwa ya mviringo yaliyojaa mikunjo. Vitatange walikuwa wanapita wawili wawili. Kundi la kangaja lilipanda likashuka. Mama Mkubwa aliinua kichwa, akatoa mrija mdomoni, akaniambia kwa sauti kubwa: "Mwanangu, kumbe ni mji huu!"

Tulikaa muda mrefu juu ya jiwe moja, na hapo ndipo nataka msomaji akae na mimi.

Chini ya jiwe alikuwapo chewa, mkubwa kidogo kuliko sahani ya pilau, mwili wa kahawia wenye madoa. Alikuwa ametulia mdomo wazi, mashavu yameinuliwa mpaka wekundu wa ndani unaonekana. Samaki mwembamba, urefu wa kidole, buluu na mstari mweusi ubavuni, alikuwa anamzunguka akidonoa. Akadonoa mgongoni, akadonoa karibu na jicho, kisha akaingia mdomoni mwa chewa, akapotea, akatokea shavuni upande wa pili. Chewa hakufunga kinywa. Yule mdogo anakula vidudu vinavyomsumbua mkubwa na ngozi iliyokufa. Mkubwa anapata usafi, mdogo anapata riziki. Samaki wengine wawili walikuwa wamesimama pembeni, vichwa chini, wanangoja zamu. Haya nimeyafundisha darasani kwa maneno. Mama Mkubwa, anayemjua chewa kwa ulafi wake, aliyatazama mpaka nikawa na wasiwasi kwamba amesinzia.

Pono walikuwa wengi pia, wa kijani na buluu, na ukitulia unasikia meno yao yakikwangua mwamba. Wanakwangua mwani pamoja na jiwe lenyewe, wanasaga, na kinachotoka nyuma ni mchanga mweupe. Nilimwonyesha kijimoshi cha mchanga kikimwagika kutoka kwa pono mmoja. Sehemu ya mchanga ule aliousalia asubuhi imetengenezwa hivyo. Pono ndiye anayezuia mwani usifunike matumbawe. Wakivuliwa wote mwamba hauna mfagiaji, na tumbawe changa halipati pa kushika.

Kisha akanishika bega na kunyoosha kidole. Mimi sikuona kitu. Yeye alikuwa ameona maganda ya kaa na makombe yaliyorundikwa mbele ya ufa, nadhifu, na jiwe dogo limesogezwa mlangoni. Tulingoja. Jicho likatokea, kisha ngozi ikabadilika kutoka rangi ya mwamba hadi nyeupe yenye madoa, ikarudi tena. Mama Mkubwa ametoa pweza wasiohesabika kwenye mashimo ya namna ile, lakini daima kwa juu, na mkono ukiwa na haraka. Hakuwahi kumtazama pweza akiwa nyumbani kwake, bila haja naye. Mahali pale uvuvi hauruhusiwi, na hakuwa na mchokoo.

Tulipotoka kupumzika chini ya mbuyu na kula mihogo na pweza wa nazi aliowapika usiku, aliniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa na mwanafunzi. Watoto wa pweza hukaa wapi? Nikamweleza: jike hutundika mayai kama shanga ndani ya shimo, hukaa nayo wiki kadhaa akiyapepea maji na kuyasafisha, hali kitu, na yakianguliwa yeye hufa. Vitoto, vidogo kuliko punje ya mchele, huchukuliwa na maji. Akafikiri. Akasema wale wa namna hiyo anawajua: wamekonda, hawapigani, na nyama yao haina ladha. Kisha akasema kwamba hao waachwe, na kwamba atawaambia wenzake. Alinikumbusha pia kuwa wenyeji wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wanafunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi, na wakifungua pweza wanatoka wakubwa. Hii elimu ya kufunga na kufungua, kina mama wakiielewa kwa macho yao, haihitaji polisi.

Mchana tulirudi majini upande mwingine, na huko si kila kitu kilikuwa kizuri. Palikuwa na eneo la matawi yaliyovunjika, ya kijivu, yamefunikwa utelezi wa mwani. Aliniuliza kama ni kigumi, maana anajua wavuvi wanavyopiga mwamba kwa miti ili samaki wakimbilie wavuni. Inawezekana, lakini bahari yetu ina jeraha jingine. Ndani ya tumbawe hai huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa jicho. Ndio unaolipa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, tumbawe huutoa mwani ule, likabaki jeupe, na joto lisipopungua upesi hufa kwa njaa. Mwaka 1998 joto lilipanda na matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalikufa, ya kwetu yakiwamo. Likapanda tena 2016, na tena 2024. Mwamba tuliouona asubuhi ni uliojijenga upya, na kwa tumbawe hiyo ni kazi ya miaka mingi, sentimita chache kwa mwaka kwa yale yanayokua haraka.

Mwaka huo huo wa 1998 ndio Misali ilipotangazwa hifadhi, na mwaka 2005 ikaingizwa katika hifadhi kubwa ya mkondo wa Pemba. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba wavuvi hawakufukuzwa. Madago yao, yaani kambi za wavuvi, yapo, wanavua sehemu kubwa ya maji yanayozunguka kisiwa, ila upande wa magharibi kuna eneo lisiloguswa, na samaki wanaozaana humo hutoka wakawafuata wavuvi nje. Sheria peke yake haikutosha kuwafanya watu wakubali. Masheikh na walimu wa madrasa walisimama wakaeleza aya zinazokataza uharibifu wa nchi kavu na bahari, na kwamba mwanadamu amekabidhiwa amana. Kwa kisiwa ambacho wazee wanakisimulia kama msala, maneno hayo yalikuwa na pa kuingia. Mimi nayaamini, na nayafundisha kwa pamoja na baiolojia bila kuona mgongano.

Anayetaka kwenda, amfuate nahodha anayejulikana bandarini Wesha au Mkoani, akague mwenyewe kama jaketi za kuelea zipo za kutosha, na ahakikishe ada ya hifadhi inalipwa kituoni na risiti inatolewa. Aulize mapema hali ya maji. Ukingo wa magharibi una ukuta unaoshuka gizani, mzuri sana kutazama, lakini mkondo wake ukishika unakubeba. Mtu asiende huko bila mwenyeji na bila boti kumfuata. Nanga isitupwe juu ya matumbawe. Usisimame juu ya mwamba hata ukichoka, lala chali uelee. Kasa ukimwona, mwache apande kuvuta pumzi, usimkate njia. Viti vya pweza, wale wanyama wa umbo la nyota, na makombe viache vilipo. Ganda tupu nalo lina mpangaji anayelingoja.

Mama Mkubwa ameshawasimulia wenzake wa kikundi cha pweza, na sasa wanaotaka kwenda ni wengi kuliko boti moja. Nimezungumza na nahodha, tumekubaliana tugawane safari mbili siku za maji mafu, kabla kaskazi haijachafua bahari. Nauli tunachangishana wenyewe. Tunachopungukiwa ni miwani na mirija, hasa miwani midogo ya nyuso nyembamba, kwani ile niliyo nayo iliwaingizia maji wawili walioijaribu kwenye pipa. Kama unayo nyumbani na huitumii, iko Unguja au Dar, hata mkanda wake ukiwa umekatika, niandikie hapo chini. Mkanda tutashona.