Kongamano la uamsho la Wamethodisti 600: namna tulivyolipanga

Nimekuwa katibu wa kamati ya maandalizi ya kongamano la uamsho la sakiti zetu (makundi ya makanisa ya eneo moja) za Pwani ya Kenya: siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, waumini 600. Vikao vya kamati hupenda kukesha kwenye habari za mhubiri mgeni na vipaza sauti. Kazi yenyewe iko kwenye darasa, kile kikundi cha watu 12 wanaoulizana hali ya roho, na kinachoendelea kukutana hata baada ya kongamano. Kilianza Bristol, Uingereza, mwaka 1742. Viongozi walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kukusanya peni moja kwa wiki ya kulipia deni la jengo, na huko ndiko walikojua watu wanaishi vipi. Watu 600 basi ni madarasa 50. Andaa viongozi 55, kwani hawakosi wanaougua au kufiwa.

Mwanzoni tuligawa watu mlangoni kwa kadi za rangi. Ilipendeza, lakini Jumatatu darasa moja lilikuwa na watu wa Malindi, Mombasa na Kwale, na nauli ikaliua. Sasa tunagawa kwa mtaa: wanaoweza kufikiana kwa miguu wakae pamoja. Mama mkwe na mkaza mwana tunawatenganisha, vivyo hivyo mwajiri na mfanyakazi wake wa nyumbani, maana hapo hakuna atakayefungua moyo. Kwa sababu hiyo uandikishaji unafungwa wiki tatu kabla, na orodha zinafika kwa viongozi zikiwa zimebaki wiki mbili.

Viongozi tunawafundisha Jumamosi moja nzima. Swali ni moja, "Roho yako i hali gani?", kisha kiongozi ananyamaza. Kila mtu ana dakika tano. Kwa watu 12 hiyo ni saa nzima, na ukiongeza wimbo na maombi unafika dakika 90. Ukiwapa dakika 45 watasema wanne au watano, na ni wale wale wanaosema kila mahali. Hakuna kuandika wala kurekodi. Lakini likitajwa jambo la mtoto kudhulumiwa au mtu kupigwa nyumbani, kiongozi halifichi: anamwona mchungaji siku hiyo hiyo, na lazima lifikishwe kwa wanaohusika kisheria.

Usiweke madarasa alasiri. Sifa za mchana zikirefuka, muda unaoliwa ni wa madarasa. Yetu huanza saa nne asubuhi, mahubiri yakifuata, na kwaya ni mbili kwa kila ibada, nyimbo mbili mbili.

Chakula nitakipitia upesi. Mchele kilo 1 kwa watu 8, yaani kilo 75 kwa mlo. Maharagwe kilo 50, yalowekwe usiku. Chai lita 180, theluthi yake maziwa, sukari kilo 9. Maji ya kunywa lita 3 kwa mtu kwa siku, na tangi la lita 5,000 kwa mengine yote. Jenereta ya vyombo vya muziki isiguswe na jikoni: birika moja la umeme liliwahi kuizima katikati ya maombi.

Jumapili ni Ibada ya Agano, ambapo waumini hujitoa upya kwa Mungu, na hapa ninaomba kamati zisiwe na haraka. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alipoiongoza London tarehe 11 Agosti 1755, watu wapatao 1,800 walisimama kuonyesha kukubali, lakini alikuwa ameshawafafanulia kwa siku kadhaa kabla, na wakafunga. Maneno yenyewe ni mazito: mtu anakubali Mungu amtumie au amweke kando, ajazwe au aachwe mtupu. Huwezi kumsomesha mtu hayo kwa mara ya kwanza akiwa amesimama. Sisi tunagawa karatasi Ijumaa jioni, aende kulala nayo, naye akiona hayuko tayari akae, asionewe haya. Kabla ya kutamka, ukimya wa dakika mbili kwa saa ya mkononi. Mwambie mpiga kinanda mapema aondoe mikono kabisa. Mazoea yake ni kujaza kila pengo, na pengo hilo ndilo tunalolihitaji.

Kwa Meza ya Bwana, sinia moja hubeba vikombe 40, hivyo sinia 15. Kikombe huchukua kama mililita 14, lita 8.4 zinatosha, tunanunua 10. Juisi ya zabibu ifunguliwe asubuhi ile ile, maana kwa joto letu ikilala wazi huanza kuchacha. Watu watatu wenye chupa za mdomo mwembamba wanamaliza kumimina kwa saa moja. Funika kwa kitambaa cheupe kizito, inzi wa Pwani hawana ibada. Baada ya ushirika vikombe vitumbukizwe majini papo hapo. Vikikaukia, sukari hung'ang'ania chini na utavisugua kimoja kimoja hadi jioni.

Kongamano likiisha, orodha za madarasa tunazitumia tena. Jumanne kila kiongozi anapigiwa simu: mnakutana lini, kwa nani? Kikao cha kwanza kiwe ndani ya siku saba. Darasa ambalo halijakaa hadi wiki ya pili tunaliunganisha na la jirani wiki hiyo hiyo, na anayewapeleka watu huko ni kiongozi wao mwenyewe, kwa miguu.