Tulivyolirudishia Daraja Letu Paa Lake

Nilipoingiza vidole kwenye tundu la kwanza juu ya boriti, nilidhani ni kazi ya mchwa. Lilikuwa limejaa udongo na majani yaliyooza. Nikalikwangua kwa patasi, na chini ya uchafu ule nikakuta pembe nne zilizonyooka, upana inchi mbili, urefu inchi nne, zimechongwa na mtu aliyejua kazi yake. Futi sita mbele kulikuwa na tundu jingine, kisha jingine. Boriti moja ilikuwa na sita, na ya pili sita yakitazamana na yale ya kwanza. Seremala yeyote akiona matundu ya namna hiyo anajua kwamba palisimama nguzo hapo. Na nguzo kumi na mbili ni nyingi mno kwa kamba ya kushikia tu.

Hiyo ilikuwa Desemba 2019. Mvua za mwisho wa mwaka ule zilipiga Kenya nzima vibaya, na kijito chetu, kinachoteremka kuingia mto Yala pande za Kaimosi, kilipanda hadi kikagusa mbao za kukanyagia. Daraja halikwenda na maji. Lakini wiki iliyofuata mama mmoja aliyekuwa amebeba mahindi kichwani alitumbukia, mguu ukapita katikati ya mbao hadi pajani. Ndipo mzee wa mtaa akaniita.

"Fundi, liangalie. Linapona, ama tulibomoe?"

Wengi walitaka libomolewe, tulaze magogo mapya ya mkaratusi kama tulivyozoea. Tangu nikiwa mtoto tumekuwa tukifanya hivyo: magogo yanalazwa, baada ya miaka mitatu au minne yanaoza, yanalazwa mengine. Hakuna aliyekuwa akiuliza ni kwa nini zile boriti mbili za mvule chini ya magogo hayo zilikuwa bado ziko pale, ilhali ziliwekwa kabla ya Uhuru.

Nikampelekea swali la matundu babu mmoja anayekaa ng'ambo, aliyepita miaka themanini. Aliniambia nikae kwanza. "Pale palikuwa na nyumba, mjukuu wangu. Nyumba ya daraja." Akanieleza kwamba chini kidogo ya daraja kulikuwa na kinu cha maji. Akina mama walitoka mbali na mahindi yao, na wakati wa kurudi mvua ya alasiri, ile inayoshuka kutoka Nandi karibu kila siku, iliwakuta na unga mbichi kichwani. Seremala aliyefunzwa kazi Kaimosi, ambako Waquaker kutoka Marekani walianzisha misheni mwaka 1902, ndiye aliyeweka paa: kwanza la nyasi, baadaye la mabati. Mashine za kusaga za dizeli zilipoingia, kinu kikafa. Mabati yakang'olewa yakaenda kuezeka jiko la mtu. Nguzo zikawa kuni.

Nilirudi pale darajani na bisibisi. Ukitaka kujua afya ya boriti usiitazame, ichome. Katikati, ambapo macho yaliniambia ni pabovu kwa sababu pamekuwa peusi, bisibisi iliingia milimita mbili tu ikagoma. Lakini ncha ya upande wa kusini, pale boriti inapolala juu ya mawe, bisibisi ilizama hadi mpini. Nilipoichomoa ilitoka na unga wa kahawia uliolowa, unanuka kama uyoga. Udongo ulioburutwa na miguu na ng'ombe ulikuwa umekusanyika pale miaka yote, ukikaa na maji kama sifongo. Kilichoila mvule ile ni maji. Uzito wa watu na mizigo haukuifanya lolote.

Wiki zile nilisoma sana usiku kwenye simu kuhusu madaraja ya mbao yenye paa, na nikaona kwamba fundi wetu wa Kaimosi alikuwa katika ukoo mkubwa. Mwaka 1805 huko Philadelphia, Marekani, lilifunguliwa daraja la mbao juu ya mto Schuylkill lililojengwa na Timothy Palmer. Jaji Richard Peters, aliyeongoza kampuni ya daraja hilo, ndiye aliyeshikilia kwamba lifunikwe. Palmer mwenyewe alikadiria kwamba daraja la mbao likiachwa wazi litadumu miaka kumi au kumi na miwili, lakini likifunikwa linaweza kufika 30, pengine 40. Hesabu yake ni ileile ya magogo yetu ya mkaratusi, tofauti ni kwamba sisi tunapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo yetu yanawahi kuoza zaidi. Kuvu inayoozesha mbao inahitaji unyevu. Mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu, kuvu haina maisha hapo.

Kwenye baraza niliwaambia wazi: tukiziacha zile mvule nusu mzima tukaweka magogo juu, tutakutana tena hapa baada ya miaka mitatu. Tukiweka paa, wajukuu wetu watapita. Kuna aliyeuliza kwa nini tununulie maji ya mto mabati wakati shule ina madarasa yanayovuja. Ni swali la haki, na lilinikosesha usingizi. Jibu lilitolewa na mama yule aliyetumbukia. Alisimama na kitambaa bado kimefungwa gotini, akasema watoto wanaokwenda katika shule hiyo wanapita wapi.

Tatizo la pili lilikuwa mbao. Tangu Februari 2018 serikali ilikuwa imesimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 2023. Boriti mpya ya futi 36 tungeitoa wapi? Hapo alinisaidia Mmarekani mwingine, Ithiel Town, aliyepata hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, mwaka 1820 kwa mtindo wa ukuta wa mbao fupi zinazopishana kwa mshazari kama kimia, zikishikwa na vigingi vya mti. Ukuta huo ndio unaobeba daraja. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji gogo kubwa wala mhandisi, fundi wa kawaida anaweza kuujenga. Daraja la Cornish na Windsor, kati ya New Hampshire na Vermont, limetumia mtindo wa kimia namna hiyo tangu 1866. Lina urefu wa takriban mita 137 na magari yanapita hadi leo. Letu ni futi 34. Mbao zangu ndefu kabisa zilikuwa futi 12, za mikaratusi kutoka mashamba ya watu. Kila boma lilitoa mti mmoja au miwili, na mwenye msumeno wa kupasulia akatutoza mafuta tu.

Zilizopungua nilinunua, na hapo niliumia. Duka moja la mbao liliniapia kwamba mbao zake zimekauka. Nilikata kipande, nikakipima kwa mizani ya mashine ya kusaga: gramu 840. Nikakitundika juu ya moto jikoni siku kadhaa, nikikipima mpaka uzito ukaacha kushuka: gramu 600. Maana yake kulikuwa na gramu 240 za maji, asilimia 40 ya mbao yenyewe. Walikataa tuzirudishe dukani. Tukazipanga chini ya mti, kila safu ikitenganishwa na vijiti ili upepo upite, tukapoteza mwezi mzima. Nawasihi wote wanaojenga, wawe na mizani.

Vigingi nilichonga kwa mpera. Watu wengi wanafikiri mpera ni wa matunda tu, lakini ndio unaotengeneza mpini wa jembe usiovunjika. Vijana walinichongea zaidi ya mia nne, tukavianika kwenye dari ya jiko hadi vikawa vinalia kama kengele ukivigonganisha. Siri iko hapo: kigingi kikavu sana, mbao yenye unyevu kidogo. Mbao ikiendelea kukauka inajibana, kigingi kikivuta unyevu kinavimba, na baada ya mwaka huwezi kukitoa hata kwa nyundo.

Boriti iliyooza hatukuitupa. Tuliiinua kwa jeki ya lori, robo inchi kwa siku, kwa sababu mti uliolegea miaka mingi ukiuharakisha unapasuka. Nikakata futi nne za ncha mbovu, nikaunga kipande kipya cha mvule kwa mshazari mrefu na bolti nne. Chini yake, badala ya udongo, tukaweka jiwe bapa lililoinuliwa ili hewa ipite pande zote. Tukainua pia mawe ya kingo zote mbili kwa futi tatu, kwa sababu paa halizuii mafuriko. Daraja la Blenheim huko New York lilikuwa limesimama tangu 1855 likiwa na paa lake zuri, na likachukuliwa na maji ya kimbunga Irene mwaka 2011.

Katikati ya Machi 2020 kuta zote mbili za kimia zilikuwa zimesimama na nguzo zimeingia katika matundu yaleyale kumi na mawili. Kisha Corona ikaingia nchini, mikusanyiko ikapigwa marufuku, na mvua ya masika ikawa mlangoni. Tulibaki wanne. Wiki tatu nililala nikisikiliza mvua, daraja likiwa limefunikwa karatasi ya nailoni ambayo upepo uliipeperusha kila usiku, na kila alfajiri nilikwenda kuirudisha. Siku tulipopigilia bati la mwisho mvua ilianza bado tukiwa juu. Tukashuka ndani, tukaketi sakafuni, tukalisikiliza paa. Babu wa ng'ambo alikuja na mwavuli, akaingia, akaufunga mwavuli wake. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Kinu mtakirudisha lini?"

Tuliweka sheria mbili. Ya kwanza, pikipiki inasukumwa, haiendeshwi. Pale Cornish na Windsor kuna kibao cha zamani kinachowaamuru watu watembeze farasi wao ama walipe faini ya dola mbili, kwa kuwa mtikisiko wa mwendo wa kasi unalegeza viungo. Vijana wa bodaboda walilalamika mwezi wa kwanza, sasa wao ndio askari. Ya pili, hakuna moto juu wala chini ya daraja, hata wa kuchoma mahindi. Daraja la Kapellbrücke mjini Luzern, Uswisi, la karne ya 14, liliungua usiku mmoja wa Agosti 1993, na michoro yake mingi ya kale ikateketea. Walilijenga upya likafunguliwa mwaka uliofuata, lakini michoro ile haikurudi.

Na kila Jumamosi panafagiliwa. Zamu ni ya maboma, pande mbili za kijito zikipokezana, na kinachofagiliwa hasa ni ncha nne, pale udongo unapopenda kujificha.

Mafuriko ya Mei 2024 yalipita chini yake, maji yakibakisha futi moja na nusu kufika kwenye boriti. Asubuhi yake nilichukua bisibisi ileile nikaenda kwenye ncha ya kusini, nikaichoma pale nilipounga. Ikaingia milimita moja, ikagoma. Nikahamia upande wa pili.