Ndoo mbili za jirani

Mtambo wetu wa bayogesi, gesi ya kupikia itokanayo na kinyesi cha ng'ombe, ulijengwa mwaka 2019, tukiwa na ng'ombe watatu bandani. Miaka miwili baadaye tukauza wawili, mmoja kwa ada ya mtoto wa chuo, mwingine kwa matibabu ya mama mkwe. Siku ile ya kuuza hakuna aliyelikumbuka jiko. Tulihesabu maziwa tu, tukaona ya ng'ombe mmoja yanatutosha.

Tunaishi Kibosho, juu ya Moshi mjini. Huku ng'ombe hachungwi. Anakaa bandani mwaka mzima, analetewa majani ya migomba, magugu ya kihambani, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, na majani ya kununua yanayopandishwa kutoka tambarare. Kinyesi chote kinabaki pale pale, na ndiyo maana bayogesi inatufaa sana sisi wa vihambani. Kuba letu, yaani tangi la mtambo, ni la tofali na saruji, limefukiwa ardhini, la mita za ujazo 6, mfano wa yale yaliyoenezwa na CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini kilichopo Arusha, tangu miaka ya 1980. Linataka ndoo tatu kubwa za kinyesi kila siku, zile za lita 20, pamoja na maji kiasi hicho hicho. Kwa uzoefu wangu ng'ombe mmoja wa ndani, akishiba, anatoa kama ndoo moja. Tulikuwa tumebaki na theluthi moja ya chakula cha mtambo, na mimi mwalimu wa hesabu sikuliona hilo.

Mwali haukuzimika siku moja. Ulianza kufupika taratibu, wiki hadi wiki. Chai ya asubuhi iliiva, wali uliiva, lakini maharage yakawa yanaishia njiani. Jumapili moja tulikuwa na wageni, nimeinjika sufuria la kiburu, ndizi hazijalainika hata kidogo, moto ukafifia ukaisha. Mama mkwe hakusema neno. Alichukua panga, akaenda kwenye miti ya kahawa iliyopogolewa, akarudi na mzigo wa kuni, akafungua lile jiko la zamani la mafiga ambalo halijawashwa tangu 2019. Baada ya dakika chache nikasikia anakohoa. Huyu mama amepika kwenye moshi zaidi ya miaka arobaini, macho yake yanatoa machozi hata asipokuwa na huzuni. Nilisimama mlangoni nikaona aibu, maana mtambo ule nilipouombea mkopo wa saccos niliwaambia wote nyumbani kwamba ni kwa ajili yake.

Kwanza nilidhani gesi inavuja. Kesho yake nilikoroga sabuni ya unga kwenye kikombe, nikapaka povu kwa kidole kwenye kila maungio, kuanzia valvu iliyo juu ya kuba hadi jikoni. Kwenye maungio ya nne, karibu na ukuta wa banda, povu likatoa kiputo kidogo kama punje ya ulezi. Kikakua taratibu hadi ukubwa wa punje ya hindi, kikapasuka, kingine kikaanza pale pale. Nilifungua, nikazungushia utepe mweupe wa mafundi bomba, nikakaza. Uvujaji wa namna hii hauna harufu kali wakati wote, kwa hiyo watu huupuuza, na mimi nasema usipuuzwe hata kama jiko linawaka. Gesi ile sehemu kubwa ni methani, na methani ikipotelea hewani inashika joto mara 28 hivi kuliko kabonidayoksaidi ikipimwa kwa miaka 100. Mtu mwenye mtambo unaovuja anadhani anasaidia mazingira kumbe anayadhuru.

Nikafungua pia koki ya chini ya bomba kutoa maji yaliyojikusanya. Yalitoka kama nusu kikombe. Mwali ukanyooka kidogo, lakini haukurefuka. Hapo nikakubali kwamba mtambo una njaa.

Wakati huo huo mfongo wetu ulikuwa na ugomvi wake. Kwa wasioifahamu, mifongo ni mifereji waliyoichimba Wachagga tangu kabla ya wakoloni, inayochepusha maji ya mito inayotoka msituni na kuyateremsha kihamba kwa kihamba. Ina utaratibu wake: zamu za maji, msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuusafisha, na faini kwa anayeukosea. Akina mama wa chini walilalamika kwamba asubuhi maji yanashuka ya kijani na yananuka. Chanzo kilijulikana. Juu yetu kuna mzee mwenye ng'ombe wanne, banda lake liko kwenye mteremko, kila alfajiri kijana wake analiosha na maji machafu yanarudi mfongoni.

Kikao kiliitwa. Wengi walitaka mzee atozwe faini, na mimi nilikwenda nikiwa na nia ya kuunga mkono. Nikiwa nimekaa pale namsikiliza anavyojitetea kwamba hana mahali pa kukiweka, kihamba kimejaa na samadi mbichi imemuunguzia migomba michanga, akili ikanifunguka. Nilinyoosha mkono.

"Shikamoo mzee. Hicho kinyesi nipe mimi."

"Marahaba, mwalimu. Chote?"

"Ndoo mbili kila asubuhi, kabla banda halijaoshwa."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ndilo lilikuwa gumu kweli: "Na nani atakibeba?"

Tulilijadili kuliko hata suala la faini. Mwisho tukaelewana kwamba kijana wake anazoa na kujaza, mwanangu anateremsha kwa toroli kabla ya kwenda shule, na sisi tunamrudishia mzee tope linalotoka kwenye mtambo, ndoo sita kila Jumamosi. Kinyesi kinachobaki bandani akichimbie shimo, kisifike mfongoni. Kikao kikampa mwezi mmoja wa kutazamwa.

Hapa niwe mkweli kwa yeyote anayetaka kujaribu: wiki za kwanza hazikuwa nzuri. Kinyesi kilikuja kimechanganyika na mabua na mchanga, mchanganyiko ukaganda kwenye mlango wa kuingizia, nikatumia siku nzima na mti mrefu kuuzibua. Baadaye gesi ikashuka ghafla bila sababu niliyoijua. Nilipouliza nikaambiwa ng'ombe mmoja wa mzee alipigwa sindano ya antibiotiki kwa ajili ya kiwele. Dawa ile ikipita kwenye kinyesi inawaua hata vijidudu wanaotengeneza gesi. Tangu hapo tuna sheria: ng'ombe mgonjwa kinyesi chake kinawekwa pembeni, na siku banda likipigwa dawa ya kuua wadudu toroli haliji. Tena hatukuanza na ndoo mbili kwa mkupuo. Tumbo lililokaa na njaa ukilijaza ghafla linachachuka, kwa hiyo wiki nzima niliongeza ndoo moja tu, ndipo nikaongeza ya pili.

Mwali wa bluu ulirudi baada ya kama wiki tatu. Sasa tunapata karibu saa tano za jiko moja kwa siku. Mwezi wa saba, ukungu unapotua na baridi kuingia ardhini, zinapungua, na maji ya kuchanganyia nayaanika juani kwenye ndoo nyeusi kwanza.

Tope ndilo lililoleta mabishano mengine. Mzee alilitazama, jembamba, halina harufu, akasema tumemrudishia maji matupu, chakula chote kimeliwa na moto. Nilimweleza kwamba moto umechukua kaboni na haidrojeni, lakini naitrojeni na fosforasi zimebaki humo, tena zimekuwa rahisi kwa mmea kuzinywa. Hakuniamini, na sikumlaumu. Alitenga mistari miwili ya migomba, mmoja akaupa tope, mwingine akaupa samadi yake ya kawaida. Miezi mitatu baadaye hakunipa jibu kwa maneno. Aliongeza ndoo ya tatu kwenye toroli bila kuulizwa, akataka tope ndoo tisa.

Watu wananiambia nimehangaika sana wakati mitungi ya gesi ipo hadi dukani kwa jirani. Mtungi ninao, na ninaupenda, unatuokoa siku ya wageni. Nafurahi pia kuona serikali mwaka 2024 imezindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lakini huku kwetu nishati inalala bandani na kila asubuhi tunaiosha ikaharibu maji ya wenzetu. Linaniuma hilo. Kikwazo ni gharama ya ujenzi, kwetu ilizidi shilingi milioni moja, na nyumba yenye ng'ombe mmoja haiwezi kuulisha mtambo wa kuitosha. Ndiyo maana naona tungekopeshwa kwa vikundi, kaya mbili au tatu kwa kuba moja, kama tunavyoshirikiana mfongo mmoja tangu enzi za mababu.

Na kuni tutazitoa wapi? Msitu wa juu uliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na siutamani tena, hasa tangu ule usiku wa Oktoba 2020 tuliposimama uani na majirani tukitazama mstari mwekundu wa moto ukitambaa mlimani. Mama mkwe alishika kanga yake mdomoni, akasema, "Maji yetu yanaungua." Alikuwa anauwaza mfongo.

Mfongo sasa unashuka mweupe asubuhi. Mwezi wa kutazamwa ulipita zamani na faini haikutozwa. Jirani mwingine, bibi anayeishi peke yake na ng'ombe mmoja, ameanza naye kuleta ndoo yake. Tope halitaki, kihamba chake ni kidogo. Yeye anataka kupikiwa maharage. Kila Jumamosi, toroli likishashushwa, anakuja na sufuria lake lenye mfuniko uliofungwa kwa kitambaa, analiweka mwenyewe kwenye jiko letu, anapunguza koki hadi mwali ubaki mdogo wa bluu, kisha anakaa na mama mkwe kwenye benchi la jikoni mpaka yaive.