Vyombo vya wageni vikae tayari, sio vitafutwe

Huku kwetu Ngamiani, Tanga, wageni hawana miadi. Leo kisomo nyumba ya pili, kesho kuna watu wanaleta posa, keshokutwa unapigiwa simu alfajiri kuna msiba na watu watakaa kwako sababu baraza lako ndo kubwa, sasa hapo ndo utaona nyumba ambayo vyombo vyake viko sawa na ile ambayo wameanza kuulizana lile jagi nani kaliona mara ya mwisho. Mi naamini kabisa shughuli inaanzia stoo kabla ya jikoni.

Kitu ninachowaambia mashosti zangu kila siku ni hiki, jamani msipange vyombo kwa aina, pangeni kwa kazi yake. Tumezoea vikombe na vikombe, sinia na sinia, vijiko vyote droo moja, ni kweli kwa macho inapendeza, ila wageni wakishakaa unamtuma mtoto akalete vya chai anakwenda na kurudi mpaka anachoka, kasahau chujio, kasahau visahani. Kwangu vya chai viko kwenye deli moja lenye mfuniko, vikombe, visahani, vijiko vidogo, kopo la sukari, chujio na kitambaa cha kufutia trei. Vya kunawisha viko pamoja, birika, beseni, sabuni na taulo. Supra, kile kitambaa cha kutandika chini ya chakula, inakaa na bakuli za mchuzi na pawa zake. Na vya udi navyo vina kopo lao, chetezo, ubani, udi, koleo, vifuu vya nazi vikavu maana vinashika moto upesi kuliko mkaa, na kibiriti nimekifunga kwenye nailoni sababu unyevu wa hapa unakiua. Yaani hata mgeni akiamua kusaidia, unamwambia tu beba lile deli jekundu, basi.

Alafu kuna hili la hewa ya bahari, watu wa bara wanaweza wasinielewe ila wa Tanga na Bagamoyo mnajua. Chumvi inakula kila kitu. Sinia ya bati yenye rangi ikibanduka hata kidogo tu pale panaanza kutu, kwa hiyo mi hizo nazikausha kwa kitambaa kwanza, siziachi zijikaushe zenyewe, ndo nazipanga na gazeti katikati. Maboksi ya karatasi nimeyakataa stoo kwangu, yanavuta unyevu na mende wanayapenda sana, wanatagia humo humo kwenye mikunjo. Badala yake natumia ndoo za rangi za lita 20, fundi akimaliza kupaka ukuta omba ndoo, ioshe vizuri, mfuniko wake unabana kwelikweli hapiti mdudu. Ila chakula usiweke humo, weka vijiko, vitambaa, supra.

Mikeka ya ukindu ndo inataka moyo. Usiikunje ikiwa na unyevu hata kidogo, usiifunge kwenye nailoni, itaota ukungu ndani na ile harufu haitoki. Ianikwe jua la asubuhi, ipigwe vumbi, ikunjwe, izungushiwe kanga ya zamani, isimamishwe juu ya ubao isiguse sakafu ya saruji. Na ukumbuke Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kuna miaka inaangukia kwenye masika, kama 2023 na 2024, jua lenyewe la kubahatisha na kila jioni una watu wa futari. Kwa hiyo mikeka ya akiba ya plastiki iwepo, sio mizuri kama ukindu lakini inafutwa na kukauka papo hapo. Chupa za chai zihifadhiwe bila kufungwa, mfuniko pembeni, ukifunga zinanuka.

Kuhusu wingi, hesabu yangu ni sinia moja watu wanne, kilo ya mchele wa pilau watu wanane, kwa hiyo watu 40 ni kilo 5 na sinia 10. Zaidi ya hapo azima au kodi, hamna haja ya kujaza nyumba masufuria makubwa unayotumia mara chache. Na kwa vile tunaazimana, kila chombo kiwekewe alama chini, rangi ya kucha inatosha, mtaa mzima unajua rangi ya nani ni ipi.

Lingine linaloniuma ni kabati la vioo sebuleni. Vikombe vizuri vimefungiwa humo tangu harusi, alafu shangazi katoka Pangani na basi, vumbi na jua, anapewa chai kwenye kikombe kimevunjika mkono. Hapana kwa kweli. Vile vizuri ndo viwe kwenye deli la wageni.

Shughuli ikiisha msilale kabla ya kuhesabu. Kila deli lirudishiwe vitu vyake usiku huohuo, kilichovunjika kiandikwe kwenye daftari kinunuliwe Mgandini ukienda sokoni, sukari ijazwe, vifuu viongezwe, kibiriti kipya kiwekwe, maana hujui simu ya kesho alfajiri itakuwa ya nini.